Kuku Wako Analalia kwa Mara ya Kwanza?

Yai linauzika upesi kwa wachimbaji wa Rubaya au Bisie. Lakini leo mtetea wako kijana amevimbisha manyoya, anakataa kutoka kwenye kiota. Utamwachia mayai? Mwachie, ila umsaidie.

Kwanza mjaribu kwa mayai mawili. Akilala hapo siku mbili, usiku na mchana, yuko tayari. Basi usiku muwekee mayai 8 hivi, ya kuku anayeishi na jogoo, yasiyopita siku 7. Yakizidi hatayafunika yote, na kwa baridi ya milima ya Masisi yale ya pembeni yanakufa. Kwenye pori la Walikale ogopa unyevu: inua kiota, tia nyasi kavu, na majivu kidogo kwa utitiri.

Weka maji na mahindi karibu. Akitoka kula mara moja kwa siku, usimfukuze.

Usiku wa siku ya 7, azima toshi ile baba anashuka nayo shimoni. Mulika yai: mishipa myekundu ni uhai, likiwa tupu, liondoe.

Toka siku ya 18 usiguse kitu. Karibu na siku ya 21 utasikia sauti ndani ya ganda. Vijana, msilibandue! Kifaranga atatoka damu. Mwacheni, kiini kilichobaki tumboni kitamlisha siku nzima.

Fedha ya yai moja inaisha jioni. Mitetea watatu wakikua, je? Piga hesabu mwenyewe.