Mvule Hukuzwa Kivulini Kwanza

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Ibrahimu alikuwa ameketi mlangoni mwa hema lake, penye mialoni ya Mamre, wakati wa jua kali. Mkazi wa Mzinga, hapa Morogoro, anayetamani mti wa namna hiyo uani kwake asihangaike kuutafuta mwaloni, kwa kuwa hauoti kwa asili popote Tanzania. Sisi tunao mvule. Ukipata udongo mzuri hufikia mita 30 na hata 50, shina lake likaweza kuzidi mita 2 kwa kipenyo, na matawi yake hutanda kiasi cha kutosha kikao cha mtaa mzima. Ni mti wa kwetu kabisa: umo katika misitu ya ukanda wa chini wa Milima ya Uluguru, kama Kimboza, na kwenye mashamba ambako wazee waliusafisha pembeni wakauacha usimame.

Hata hivyo, tukihitaji kivuli, tunapanda mwarobaini uliotoka India, mjohoro wa Asia ya Kusini-Mashariki, au mkrismasi ambao asili yake ni Madagaska. Sina ugomvi na miti hiyo. Inakua haraka na miche yake inapatikana. Kinachonisikitisha ni imani iliyoenea kwamba mvule haupandwi, kwamba hujiotea wenyewe tu au umepandwa na Mungu. Imani hiyo ina chanzo. Wengi waliojaribu walipanda miche juani, mahali peupe, wakaiona ikidumaa na kufa, wakakata tamaa.

Aliyeiua miche hiyo mara nyingi si jua lenyewe, ni mdudu. Wataalamu wanamwita Phytolyma. Ni mdogo sana, urefu wake ni milimita chache tu, na hutaga mayai kwenye ncha changa za mche. Watoto wake wakianguliwa huingia ndani ya jani laini, nalo jani huvimba na kujikunja likawa kinundu cha kijani. Ukikipasua kwa ukucha, utomvu mweupe unatoka na ndani yake utawakuta wadudu wadogo waliobanana. Wakishakua, kinundu hupasuka chenyewe, kuvu huingia kwenye kidonda, na ncha yote hunyauka kushuka chini. Mche hutoa chipukizi jipya, mdudu anarudi, na mchezo ni uleule. Mche ukishambuliwa mara kwa mara hubaki kichaka kisichopanda juu.

Katika msitu wa asili mvule mchanga hujificha. Mbegu huangushwa na popo hapa na pale, mche huota katikati ya mimea ya kila aina, mdudu akapata taabu kuuona. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya anayetaka mvule ni hii: usiupande peke yake peupe, wala usipange mivule mingi kwa mstari kama shamba la mitiki la Mtibwa. Upe mche wako majirani. Mteremkoni Uluguru majirani hao tayari wapo, nao ni migomba. Mche ukikaa kati ya mashina mawili ya migomba hupata kivuli chepesi na unyevu, na hufichika machoni pa mdudu. Baada ya misimu miwili au mitatu, mche ukishapita urefu wa mtu na kushika kasi, punguza majani ya migomba kidogo kidogo, kisha uing'oe ile inayouziba. Mvule mkubwa ni mti wa jua, na ukiuacha gizani utanyong'onyea.

Tuanze na mbegu. Mvule una mti dume na mti jike. Dume hutoa maua marefu yanayoning'inia, na upepo ndio unaobeba chavua. Jike huzaa tunda laini la kijani lenye umbo la forsadi iliyorefuka, na haishangazi, maana mvule ni wa ukoo mmoja na mforsadi, mfenesi na mkuyu. Okota matunda yaliyoiva yakadondoka, yaloweke, yaponde, kisha chuja nyama yake mpaka ubaki na mbegu, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 2 hivi. Zianike kivulini, zisiwekwe juani. Mbegu hizi hupoteza uhai haraka, hivyo zisikae kabatini kusubiri nafasi. Zichanganye na mchanga mkavu ili zisambae vizuri, zimwage juu ya udongo laini, na uzifunike kwa vumbi jembamba tu, kwa kuwa zinahitaji mwanga ili ziote. Ukizifukia kama mahindi hutaona kitu. Kwa kawaida huota ndani ya wiki mbili hadi tatu. Miche ikipata majani kadhaa, ihamishie kwenye viriba vyenye udongo wa juu na samadi iliyooza, chini ya kichanja cha makuti au nyasi.

Usishtuke ukiona majani ya mche yana meno pembeni na vinyweleo, ilhali mti mkubwa una majani laini yasiyo na meno. Ni mti uleule katika umri tofauti, na wapo walioing'oa miche ya mvule wakidhani ni magugu. Asiyeweza kitalu anaweza kutafuta machipukizi ya mizizi karibu na mvule mkubwa, au kuulizia miche kwa watu wa Wakala wa Huduma za Misitu na Chuo Kikuu cha Sokoine, ambao wote tunao hapa Morogoro.

Upandaji ufanyike masika yakishashika. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, 1 Aprili, inaangukia pazuri kwetu. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, tenga udongo wa juu na ule wa chini, rudisha wa juu kwanza ukiwa na samadi. Epuka sehemu zinazotuama maji, mvule hauzipendi. Kandokando ya Mto Mzinga, ambako maji hupanda na kushuka, mkangazi utakufaa zaidi. Mvule upe mteremko unaopitisha maji. Kutoka ukuta wa nyumba acha mita 15, na usipande chini ya nyaya za umeme. Kiangazi cha miaka miwili ya kwanza, Juni hadi Oktoba, mwagilia ndoo moja mara mbili kwa wiki, weka matandazo yasiyogusa shina, na jenga uzio, kwa sababu mbuzi hatakusubiri.

Kupogolea kunataka mkono mwepesi. Mche ukitoa vilele viwili, ondoa kimoja mapema kingali kidogo. Matawi ya chini yapunguzwe polepole mti unapopanda, wala kilele kisikatwe kamwe.

Mvule ukishakua, maadui wake tunakuwa sisi. Nimeona mivule mizuri iliyozungushiwa saruji mpaka shinani ili watu wapate pa kukaa, mingine ikirundikiwa kifusi juu ya mizizi, mingine ikichomewa takataka ubavuni. Mizizi inayonyonya hukaa karibu na uso wa ardhi nayo inahitaji hewa. Mti hautakufa mwaka huo, utaanza kukauka vileleni miaka kadhaa baadaye, na hakuna atakayekumbuka ile saruji. Kikao kiwe cha benchi la mbao, udongo uachwe wazi.

Kuna faida nyingine chini ya mti huu ambayo haionekani. Mvule hunasa kaboni ya hewani na kutengeneza oksaleti, na mti unapoacha majani na mizizi ikioza, bakteria na kuvu wa udongoni huigeuza oksaleti hiyo kuwa chokaa. Watafiti waliochimba chini ya mivule ya Ivory Coast walikuta udongo uliokuwa na tindikali umebadilika, umejaa chokaa. Seremala aliyewahi kupasua mvule anaijua chokaa hiyo kwa upande wake, maana hukuta mawe ndani ya gogo yanayokula meno ya msumeno.

Mbao za mvule ndizo zilizouponza mti huu, kwa kuwa mivule mikubwa mingi imekwenda kuwa milango na majahazi. Leo mvule umo katika miti iliyohifadhiwa, na haukatwi bila kibali, kwa hiyo muone bwana misitu kabla ya kushika shoka. Naomba shule, misikiti, makanisa na ofisi za mitaa ya Mzinga kila moja itenge eneo lenye nafasi ya mita 15 kila upande, ipande migomba sasa, na masika yajayo iweke mche mmoja wa mvule katikati yake.