Amplifaya yako isije ikakuzika!

Kama wewe ni mmoja wa wale wasiotulia mpaka wafungue redio mbovu waone ndani kuna nini, leo nina lako jambo. Na dada unayejitengenezea taa za disko, usifunue ukurasa, nawe umo.

Nimezunguka Karagwe na Kyerwa, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda na Murongo, mpakani na Uganda. Vipaji vipo, tena vya kutisha! Vijana wanachukua bodi ya redio kaseti na spika za gari, muziki unapigwa mpaka migomba inatikisika. Ila nilipochungulia nyuma ya hiyo mitambo, mkono niliurudisha mfukoni.

Kwanza, ule mchezo wa kijiti. Plagi ya pini mbili haiingii kwenye soketi ya matundu matatu, basi jamaa anachomeka kijiti tundu la juu, mambo safi. Safi wapi? Tundu lile ndilo la eathi, na kifaa chako cha kava la bati hakijaunganishwa nalo. Waya wa moto ukichubuka ndani na kugusa bati, bati zima linakuwa na volti 230, linakusubiri wewe ukiwa pekupeku kwenye sakafu mbichi.

Eathi inaupa umeme huo njia ya kukimbilia, kisha fyuzi inakatika. Ndiyo maana waya wa kijani, au kijani na njano, lazima ufungwe kwa skrubu kwenye bati lenyewe.

Lakini usidhani ukizika chuma nyuma ya nyumba umemaliza. Kama ukinzani wa fimbo na udongo ni omu 20, volti 230 zitasukuma ampea 11.5 tu. Fyuzi ya 13 inakuangalia tu, haikatiki! Hapo inahitajika ile swichi inayohisi umeme unaovuja na kukata kwa miliampea 30. Fimbo nayo hupenda udongo wenye unyevu, kiangazi ukikauka kazi inapungua. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mshikaji wako wa kijiweni hapana.

Kwa mwanafunzi wa ufundi, ushauri wangu ni huu: achana kabisa na volti 230. Nunua adapta nzuri ya volti 12, yenye alama ya mraba ndani ya mraba. Maana yake ina kinga maradufu, haihitaji eathi. Ukifungua pawa saplai ya zamani, kumbuka kapasita kubwa hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa.

Na nyie wa Kyerwa mnaotumia sola na betri ya gari, msicheke. Volti 12 kwa kawaida hazikurushi, ila nyaya za betri zikigusana zinakuwa nyekundu na godoro linashika moto. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri.

Radi zikianza kunguruma, chomoa kila kitu mapema, kabla hazijafika juu ya bati lako.

Transfoma ikiungua utanunua nyingine. Wewe huna spea. Au vipi?