Merikebu Iliyozama kwa Dakika Mbili

Habari za askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma zimesimuliwa mara nyingi. Za wenzao ambao hawakufika huko husimuliwa mara chache, na kwa sababu hiyo twazileta hapa.

Mapema mwezi wa Februari, 1944, merikebu tano zilizojaa watu ziliondoka Mombasa kwenda Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa huitwa Sri Lanka. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, merikebu ya abiria iliyojengwa Scotland mwaka 1922 na kugeuzwa kuwa ya kuchukua askari. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Karibu elfu moja walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia, na wanawake wauguzi na wa Jeshi la Maji.

Jumamosi, tarehe 12, yapata saa nane u nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldives, sabmarini ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Merikebu ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kuifikia ngazi.

Lililofuata ni zito kulieleza. Sabmarini ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari Paladin ilikuwa imekwisha kushusha mashua kuwaokoa. Lakini merikebu nne zilikuwa zingali na watu tele, na adui alikuwa karibu. Manowari Petard, chini ya Kamanda Rupert Egan, ikatupa baharini mapipa ya baruti yapasukayo chini ya maji, na watu wamo majini. Wako waliokufa kwa mapipa hayo. Mwandishi hathubutu kumhukumu kamanda huyo, wala hathubutu kuwaambia wafiwa kwamba hesabu yake ilikuwa nyepesi.

Sabmarini iliibuka. Mizinga haikuweza kuizamisha. Topido ya saba ya Petard ndiyo iliyoimaliza.

Waliookolewa walikuwa 214, na wanawake kati yao sita tu. Waliokufa ni 1,297. Askari wetu hawana makaburi. Majina yao yamechorwa katika ukumbusho ulio kwenye Makaburi ya Vita, Barabara ya Ngong, Nairobi.