KODI YA PANGO KIBAONI: NANI ANAMNYONYA NANI?

Katika vikao vya mashina na matawi ya Bonde la Kilombero yapo maswali mawili ambayo kila kada amekwisha kuyasikia. La kwanza ni bei ya mpunga. La pili, ambalo siku hizi huulizwa kwa sauti kubwa zaidi, hasa pale Kibaoni, Ifakara, ni kodi ya chumba. Mpangaji husimama akalalamika kwamba kodi imepanda tena. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ameketi kwenye benchi lile lile, humjibu kwamba saruji nayo imepanda. Mwenyekiti huwasihi ndugu hao wavumiliane, na kikao huendelea na ajenda nyingine. Kuvumiliana ni jambo jema, lakini hakuelezi kitu. Katika makala hii tutajaribu kueleza kodi ya pango inatoka wapi, kwa nini inapanda, na kada afanye nini anapoulizwa.

THAMANI YA KIBAONI IMELETWA NA NANI?

Kabla ya mwaka 2018, msafiri wa kwenda Mahenge au Malinyi alivuka Mto Kilombero kwa kivuko, na mto ulipochafuka alilala ng'ambo aliyokuwapo. Mwaka huo daraja likafunguliwa. Barabara ya kutoka Kidatu hadi Ifakara, yapata kilomita 67, ambayo wakati wa masika ilikuwa ikimeza malori hadi ekseli, ikajengwa kwa lami kwa fedha za umma na za wahisani. Reli ya TAZARA ilikwisha kupita hapa tangu miaka ya 1970. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ni ya zamani zaidi, na mwaka 2010 kikaongezeka chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya. Maabara ndogo iliyoanzishwa na Waswisi mwaka 1957 imekua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Juu ya hayo yote, Ifakara ikapata halmashauri yake ya mji. Kila kimoja kati ya vitu hivi kimeleta watu: muuguzi, mwanafunzi, karani, dereva, fundi, mnunuzi wa mchele. Na kila mmoja wao anahitaji mahali pa kulala.

Sasa tutazame chumba kimoja pale Kibaoni. Kimejengwa kwa tofali za kuchoma, kimeezekwa bati, dirisha moja. Tangu barabara ianze kupimwa, mwenyewe hajaongeza hata msumari. Hata hivyo kodi yake imepanda. Nyongeza hiyo haikutokana na jasho la mwenye chumba. Imetokana na daraja, lami, hospitali na chuo, yaani kazi ya jamii nzima, akiwamo huyo huyo mpangaji, ambaye naye ni mlipa kodi ya Serikali. Mpangaji amechangia kupandisha thamani ya mahali, kisha anatozwa kwa sababu thamani imepanda.

Jambo hili si geni katika fikra za Chama. Mwalimu Nyerere alilishughulikia katika kijitabu cha Mali ya Taifa mwaka 1958, na tena katika kile cha Ujamaa mwaka 1962. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa, atatokea mtu anayekaa kama kupe, akisubiri juhudi za wengine zimneemeshe. Ndiyo maana mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja uliorithiwa kwa wakoloni ulifutwa, na ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaendelea kusema kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Lakini tusijidanganye. Ardhi ni ya umma kwenye sheria. Faida ya mahali huingia mfukoni mwa aliyewahi kiwanja.

MWENYE NYUMBA NI KABAILA?

Hapa makada wengi huteleza. Wakisikia neno kodi, hutamka neno ubepari, na maelezo huishia hapo. Mwaka 1872 Friedrich Engels aliandika mfululizo wa makala juu ya suala la nyumba huko Ujerumani, na alionya juu ya kosa hilo hilo. Alisema uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba si sawa na ule wa mfanyakazi na bepari. Mfanyakazi huuza nguvu kazi yake na kunyonywa kiwandani. Mpangaji hununua matumizi ya nyumba kwa muda. Anaweza kupunjwa, kama mnunuzi yeyote anavyoweza kupunjwa sokoni, lakini ni uhusiano wa aina nyingine.

Tena miji aliyoitazama Engels haikufanana na Kibaoni. Hapa mwenye nyumba wa kawaida ni mama mjane, mwalimu mstaafu, au mkulima aliyeuza mpunga wa misimu kadhaa akanunua tofali kidogo kidogo. Anaishi chumba cha mbele, wapangaji wako vyumba vya ndani, na choo ni kimoja. Nyumba hiyo ndiyo pensheni yake. Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme nyumba ya vyumba sita imemgharimu shilingi milioni 30, na kila chumba kinapangishwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Vyumba vyote vikiwa na watu mwaka mzima, nyumba inaingiza shilingi 240,000 kwa mwezi. Itamchukua miezi 125, yaani miaka kumi na miezi mitano, kurudisha fedha yake tu. Bado hatujatoa kodi ya mapato ya pango, ambayo ni asilimia 10. Bado hatujatoa miezi ambayo chumba kilikaa kitupu, bati lililong'olewa na upepo, wala choo. (Suala la choo ni zito bondeni. Maji ya ardhini yako karibu, na masika shimo hujaa kabla ya wakati wake.) Mtu wa namna hii hatuwezi kumwita kabaila bila kulivunja neno lenyewe.

Yuko mwingine. Huyu ana nyumba nane, kumi, pengine na fremu za maduka kandokando ya barabara. Yeye anakaa Morogoro au Dar es Salaam, na wapangaji wake hawamjui kwa sura, wanamjua dalali. Hesabu ya miaka kumi ilikwisha kutimia zamani. Kwake nyongeza ya kodi si ya kufidia bati. Ni mavuno ya lami. Kumweka huyu na yule mjane katika tabaka moja ni uvivu wa uchambuzi.

Mwaka 1971 Serikali ya TANU iliiona tofauti hiyo. Sheria ya kutwaa majengo ya mwaka ule ilihusu majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, fedha nyingi kwa wakati ule. Karibu majengo elfu tatu yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba ya udongo ya mtu wa Uswahilini haikuguswa. Tunaweza kujadili utekelezaji wake, na ziko familia zilizopoteza jengo moja tu walilolitegemea, lakini kanuni ya kupima ukubwa kabla ya kuchukua hatua ilikuwa sahihi.

MPANGAJI NI BENKI

Tugeukie upande wa mpangaji. Kodi ikipanda kutoka 40,000 hadi 50,000, kijana anayepata 200,000 kwa mwezi anatoka kulipa sehemu moja ya tano ya kipato chake hadi kulipa robo. Hilo ni zito, lakini waulize wapangaji wenyewe watakwambia kuna zito zaidi: kulipa miezi sita kwa mkupuo, pengine mwaka mzima, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Dereva wa bodaboda hupata fedha kwa siku. Muuguzi hupata kwa mwezi. Mkulima hupata baada ya mavuno. Mwenye nyumba anawataka wote walipe kwa kalenda moja.

Kwa nini anadai hivyo? Wengi husema tamaa. Tamaa ipo, lakini hasemi uongo anapoeleza kwamba bati haziuzwi kwa mafungu ya shilingi 40,000. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili mwananchi wa kawaida akopeshwe ajenge, ilifilisika mwaka 1995. Benki za leo zinataka hati na mshahara. Mjane wa Kibaoni hana vyote viwili. Basi anakopa kwa njia pekee iliyo wazi, nayo ni kuchukua kodi ya miezi ijayo. Kwa maneno mengine, mpangaji maskini ndiye benki ya mwenye nyumba, na ni benki isiyotoza riba. Fedha ya kumalizia chumba cha saba imetoka kwa walio katika vyumba sita, kisha chumba hicho cha saba kinatangazwa kwa kodi ya juu zaidi. Mtu akiyaelewa maneno haya ataona kwamba kupiga marufuku malipo ya mkupuo peke yake, bila kufungua mlango mwingine wa mkopo, ni kuufunga mfereji maji yakiwa yanakuja.

Asiyeweza kulipa mkupuo huhama. Huenda mahali ambapo kodi ni nafuu, na Ifakara mahali pa nafuu ni pa chini, kuelekea Mto Lumemo, ambako mto ukifurika maji huingia ndani. Kwa hiyo suala la kodi Kibaoni ni suala la maafa pia.

SHERIA ILIJARIBU NINI

Wapo ndugu wanaotaka Serikali ipange bei ya chumba. Tulikwisha kuipanga. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1962, na ile ya mwaka 1984 iliyochukua nafasi yake, ziliweka kodi halali, zikaunda vyombo vya kusikiliza mashauri, na kumzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri. Zililinda wengi, hatuna budi kukiri. Lakini bei ilidhibitiwa wakati nyumba hazikuongezeka, na ndipo lilipoenea neno kilemba: mpangaji alilipa kodi halali mchana na kilemba usiku. Wengine waliopata nyumba za umma kwa kodi ndogo waliwapangisha wenzao kwa kodi kubwa, wakawa wenye nyumba bila nyumba. Majengo nayo yakachakaa kwa kuwa kodi haikutosha kuyakarabati. Mwaka 2005 udhibiti huo ulifutwa. Tangu hapo kodi imekuwa jambo la makubaliano, na mlezi wake ni mkataba.

Lakini mkataba uko wapi? Vyumba vingi vya Kibaoni vimepangishwa kwa maneno ya mdomo mbele ya dalali, ambaye akisha kupokea chake haonekani tena. Siku ya ugomvi hakuna anayejua kama kodi ya LUKU ilikuwa ndani au nje. Chukua jambo dogo la kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Mwenye kudaiwa ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Ni haki yake kuikata katika kodi ya pango. Ni wapangaji wangapi tumewaambia?

KAZI YA TAWI

Kada hana mamlaka ya kushusha kodi, na asiahidi. Anaweza kufanya mambo ambayo hayangoji Dodoma. Mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ulioshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, ukitaja kodi itadumu kwa muda gani, notisi ya nyongeza ni ya miezi mingapi, na nani anatengeneza nini. Mpangaji akikarabati mlango, gharama ikatwe. Malipo yafuate kipato: mkulima alipe mkupuo baada ya mavuno na apewe punguzo, kwa kuwa amekopesha, mwenye mshahara alipe kwa mwezi. Wapangaji wa nyumba moja wanaweza kuwa na mfuko wao wa kuweka na kukopa, ili mkupuo usimkute mtu mikono mitupu. Wenye nyumba nao wanaweza kukopeshana bati kupitia vyama hivyo hivyo.

La mbali zaidi ni kuongeza nyumba. Huko Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wananchi wa Mwenge waliunda ushirika na kujenga nyumba zao. Na mradi wa viwanja ulioanza mwaka 1974 uliwapimia watu viwanja katika maeneo kama Sinza. Viwanja vingi vya Sinza viliishia mikononi mwa wenye nacho, na halmashauri inayopima viwanja leo ina la kujifunza hapo. Kiwanja kipimwe mahali pakavu, kiwe kidogo, na asigawiwe mtu mmoja viwanja kumi.

Limebaki suala moja tunalolikwepa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, katika kikao cha Zanzibar, Halmashauri Kuu ya Taifa ilililegeza sharti hilo. Kwa hiyo kiongozi wa leo mwenye vyumba vya kupangisha havunji kanuni. Lakini akiongoza kikao kinachojadili kodi, yeye ni mmoja wa wanaohusika, na wapangaji wake huenda wameketi mbele yake wakiogopa kunyosha mkono. Tunapendekeza kwamba katika vikao vya namna hiyo kila kiongozi, kabla ajenda haijafunguliwa, ataje ana vyumba vingapi na anatoza kiasi gani, iandikwe katika muhtasari, na kiti akishike mwingine.