Chembe Zisizongoja Hodi

Kaeni vizuri, wanangu, niwasimulie kisa cha bwana mmoja wa Ufaransa. Mwaka 1892 daktari Louis Henri Vaquez alimwona akiwa na uso mwekundu wa kukaribia zambarau, mishipa imemtutumka, kizunguzungu hakimwishi. Alipomshika tumbo, akakuta bandama na ini vimevimba. Damu nayo ilijaa chembe nyekundu kupita kiasi. Vaquez akawaza: huenda panapotengenezwa damu ndipo panapofanya kazi bila kupumzika.

Ni wapi hapo? Ndani ya mifupa, kwenye uboho. Uboho wa mtu mzima hutoa chembe nyekundu kama milioni 2 kila sekunde! Tena hautoi ovyo. Oksijeni ikipungua mwilini, figo humwaga homoni iitwayo eritropoietini, nayo husafiri na damu mpaka kwenye uboho. Ikifika, ni kama mgeni anayebisha hodi: seli huitika, ikaanza kuzaliana. Kwa mgonjwa wa namna hii, jeni moja ya seli, JAK2, imeharibika. Tangu hapo seli hiyo na uzao wake wote huitika "karibu" usiku na mchana, na mlangoni hakuna mtu.

Kasoro hiyo iligunduliwa mwaka 2005, miaka 113 baada ya bwana yule! Ugonjwa wenyewe huitwa polisaithemia vera. Unao ndugu zake: mmoja huzidisha chembe sahani, mwingine huujaza uboho makovu.

Hauambukizi, na huwapata zaidi wazee. Mgonjwa aweza kutoka kuoga maji ya moto akawashwa mwili mzima, wala ngozini hakuna kipele hata kimoja. Linalonitia hofu ni damu nzito: huganda ndani ya mishipa, na ikiganda kwenye ubongo huleta kiharusi.

Tiba ya ugonjwa huu ni ya kale: kutoa damu, karibu nusu lita kwa mara moja, hadi chembe nyekundu zishuke chini ya asilimia 45 ya damu. Wengi hupewa na aspirini kidogo. Damu hiyo huondoka na madini ya chuma, na pasipo chuma uboho hauwezi kutengeneza chembe nyingi. Kwa hiyo babu anayetibiwa hivyo akilalamika amechoka, msimkimbilizie vidonge vya kuongeza damu. Mrudisheni kwanza kwa daktari wake.