Poka yenye kikomo na isiyo na kikomo: nani hula, nani huliwa
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia pale karata ya tano inapofunuliwa mezani na wachezaji waliobaki wanaonyesha zao. Tulijua mkono upi unaushinda upi. Hatukugusa jambo ambalo wacheza poka hubishania kuliko yote: mtu aruhusiwe kuweka dau la kiasi gani?

Tubaki na Texas Hold'em, mchezo ambao bunge la jimbo la Texas liliutambua mwaka 2007 kuwa ulizaliwa katika mji mdogo wa Robstown. Kila mchezaji ana karata mbili za siri, na tano za wote hufunuliwa mezani. Kuna raundi nne za kuweka dau. Kwenye meza yenye kikomo, tuseme ya dola 10 na 20, dau la raundi mbili za kwanza ni dola 10 na la raundi mbili za mwisho ni 20, si zaidi wala si pungufu. Kwa kawaida dau likishawekwa huruhusiwa kupandishwa mara tatu tu. Basi hata mkigombana mpaka mwisho, mkono mmoja hauwezi kukugharimu zaidi ya dola 240: 40, 40, 80 na 80. Kwenye meza isiyo na kikomo, mwenye dola 2,000 mbele yake anaweza kuzisukuma zote katikati kabla karata hata moja haijafunuliwa.

Wengi huona tofauti hiyo ni ya ukubwa wa pesa tu. Mimi naona ni michezo miwili.

Una kopa mbili mkononi. Mezani zimefunuliwa karata nne, na mbili kati yake ni kopa. Ikija kopa moja zaidi, umeshinda. Karata usizoziona ni 46. Kopa ni 9, zisizokufaa ni 37. Yaani uko nyuma kwa takriban 4 kwa 1. Katikati ya meza pana fungu la dola 120. Kwenye meza ya kikomo mpinzani anaweka dola 20, fungu linakuwa 140, nawe unaombwa 20 ili uligombee. Unalipwa 7 kwa 1 kwa jambo lenye ugumu wa 4 kwa 1. Unalipa bila hata kumtazama usoni. Sasa iondoe kamba ya kikomo. Mpinzani yule yule anaweka dola 120. Fungu ni 240, bei yako ni 120, unalipwa 2 kwa 1. Kulipa hapo ni kujitakia hasara, isipokuwa kama una sababu ya kuamini kwamba kopa ikitokea utamvuta pesa nyingine nyingi katika raundi ya mwisho. Na sababu hiyo huipati kwenye hesabu. Unaipata kwa kumjua mtu.

Hapo ndipo michezo inapoachana. Pasipo kikomo, unayeweka dau ndiye unayepanga bei ya makosa ya mwenzako. Penye kikomo bei imeshapangwa na meza, na mara nyingi ni rahisi kiasi kwamba huwezi kumfukuza mtu. Ndiyo maana wazee wa kikomo hulalamika daima kuhusu ree zao mbili. Ree mbili dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote hushinda mara 85 hivi katika 100. Dhidi ya wapinzani tisa waliokataa kutoka, hushinda kama mara 31. Mtu akivunjwa ree zake usiku mzima huona mchezo ni bahati tupu. Lakini katika meza ya watu kumi haki yake ni mara 10 katika 100. Anapata mara tatu yake. Anakula polepole huku akiona analiwa.

Mkwara, yaani dau la mtu asiye na mkono wa maana, nao hubadilika. Ukimpiga mtu mkwara wa dola 20 wakati fungu lina 140, atakulipa ili tu akuumbue. Mkwara wa pesa zake zote ni habari nyingine.

Je, upi unahitaji ujuzi zaidi? Mashine zimetupa sehemu ya jibu. Mwaka 2008 programu ya Polaris ya Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, iliwashinda wachezaji wa kulipwa mjini Las Vegas kwenye poka ya kikomo ya ana kwa ana. Januari 2015 watafiti wa chuo hicho walitangaza Cepheus, programu iliyoumaliza karibu kabisa mchezo huo: hata ukicheza nayo umri wako wote, hutaona kosa la kukunufaisha. Hali tofauti za kufanyia uamuzi katika mchezo huo wa watu wawili ni takriban trilioni 319, na kompyuta zilizitafuna kwa zaidi ya miezi miwili. Ondoa kikomo, hali hizo zinakuwa 1 ikifuatwa na sifuri 160 hivi. Hizo hazimalizwi na mashine yoyote, hukadiriwa tu. Hata hivyo Januari 2017, mjini Pittsburgh, programu ya Libratus ilicheza mikono 120,000 dhidi ya mabingwa wanne kwa siku 20, bila kikomo, ikawaacha mbali.

Kwa hiyo mchezo usio na kikomo ni mpana zaidi. Sikatai. Ila upana wa mchezo haulipi kodi ya nyumba. Kinacholipa ni makosa ya aliyekaa mbele yako, na muda atakaokaa. Hapa historia ya Las Vegas inafundisha kuliko hesabu.

Mashindano makuu ya dunia yalipoanza mwaka 1970 kwenye kasino ya Benny Binion, mshindi alichaguliwa kwa kura ya wachezaji. Mwaka uliofuata ukawekwa mtoano wa bila kikomo, na tangu hapo huo ndio umekuwa mchezo wa kumpata bingwa. Doyle Brunson aliushinda mwaka 1976 na 1977. Lakini nje ya mashindano, meza za kila siku zilikwenda njia nyingine. California iliporuhusu Hold'em mwishoni mwa miaka ya 1980, kumbi zake zilijaa meza za kikomo, na Las Vegas ya miaka ya 1990 ilikuwa hivyo hivyo. Sababu ni ya kibiashara. Wachezaji wenyewe humwita mchezaji dhaifu samaki, na poka isiyo na kikomo ilikuwa uvuvi wa baruti: unazoa wengi leo, kesho mwamba mtupu. Penye kikomo mgeni hupoteza kidogo kidogo, hushinda usiku mmoja mmoja, hurudi Ijumaa.

Kilichogeuza mambo ni mwaka 2003. Mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia mashindano makuu kupitia mchujo wa intaneti, akawashinda watu 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata washiriki walikuwa 2,576. Televisheni, kwa kamera zinazoonyesha karata za siri, ilipenda mchezo ambao mtu husukuma kila kitu mezani. Na kasino zikapata dawa ya baruti: zikaweka ukomo wa pesa unazoruhusiwa kuketi nazo, mara nyingi mara 100 ya dau la chini kabisa la meza. Mgeni akimalizwa, anamalizwa kidogo. Basi kikomo kilirudi kwa mlango wa nyuma.

Anayedhani kikomo huondoa hofu amkumbuke Andy Beal, mwenye benki wa Dallas na mpenzi wa hisabati. Kuanzia 2001 aliwaita mabingwa wa Las Vegas wacheze naye ana kwa ana, kwa kikomo, lakini akapandisha dau mpaka likafika dola 100,000 na 200,000. Mabingwa ilibidi wachange mtaji. Beal alikuwa amegundua kwamba kikomo kikiwa kikubwa kuliko mfuko wa mtu, mkono wa bingwa nao hutetemeka. Alikula mara kadhaa. Februari 2006 Phil Ivey akamla zaidi ya dola milioni 16 kwa siku tatu.

Sasa faida ya mtu wa kawaida. Wachezaji wazuri wa kikomo walijipima kwa lengo la dau kubwa moja kwa saa; kwa meza yetu ni dola 20. Tuseme saa moja humyumbisha mchezaji kwa dola 200 juu au chini, kipimo kisicho kigeni kwa meza hizo. Baada ya saa 100 anatarajia 2,000, na myumbo nao ni 2,000. Maana yake, mchezaji mzuri kabisa ana nafasi moja katika sita ya kuwa bado kwenye hasara. Pasipo kikomo mzuri hujitenga na wabovu mapema zaidi, ingawa usiku mmoja mbaya unauma kuliko wiki nzima ya kikomo. Na kote kuwili kasino inakata chake. Ikichukua dola 5 kwa mkono, mikono 30 kwa saa, dola 150 zimetoka mezani kabla mtu hajapata faida.

Kwa raha, mimi ni mtu wa kikomo. Watu huingia katika mikono mingi, huzungumza, hucheka, na hakuna anayekaa dakika tano akiukunja uso juu ya uamuzi mmoja. Kwa pesa ningekaa bila kikomo, kwenye meza yenye ukomo wa mtaji na wageni wengi.

Wiki ijayo tutaingia kwenye mashindano, ambako chipu haibadilishwi kuwa pesa na dau hupanda kila saa, hivyo nusu ya hesabu za leo zitabidi zifanywe upya.