Nzi wa matunda: mwalimu mdogo wa siri za ubongo

Msomaji, bila shaka umewahi kuacha ndizi mbivu jikoni kwa siku mbili tatu kisha ukakuta nzi wadogo wa rangi ya kahawia wakirukaruka juu yake. Wengi wetu huwapunga kwa mkono na kuwaona kuwa uchafu tu. Lakini nzi hao wa matunda ni miongoni mwa walimu wakubwa wa sayansi ya ubongo, na kuna vijana wa Kiafrika ambao wamefunzwa kazi ya utafiti kwa kuwatumia wao.

Mwaka wa 2011, katika mji mdogo wa Ishaka, magharibi mwa Uganda, mafunzo ya namna hiyo yalifanyika katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala. Waliohudhuria walikuwa watafiti chipukizi kutoka vyuo vikuu vya Afrika, na walimu wao walikuwa wanasayansi waliotoka nje pamoja na wenyeji. Mpango huo, unaojulikana kama TReND in Africa, ulianzishwa na wanasayansi watatu: Lucia Prieto-Godino, Tom Baden na Sadiq Yusuf. Tangu wakati huo mafunzo kama hayo yamerudiwa mara nyingi.

Huenda ukauliza: jambo hilo lina uhusiano gani na afya yangu au ya mtoto wangu? Lina uhusiano mkubwa, kama utakavyoona.

Kwa nini vitendo?

Daktari hajui kupima mapigo ya moyo kwa kusoma kitabu. Husoma, kweli, lakini siku ya kwanza anaposhika mkono wa mgonjwa ndipo anapotambua kwamba vidole vyake havijui chochote. Hali ni hiyo hiyo kwa mtafiti. Katika vyuo vingi vya Afrika mwanafunzi anaweza kufika hadi shahada ya pili akiwa amechora seli ya neva daftarini mara nyingi bila kuiona hata mara moja chini ya hadubini. Huenda anazijua sehemu zake zote kwa majina, lakini hajawahi kusikia umeme wake.

Hili si kosa la mwanafunzi wala la mwalimu wake. Vifaa ni ghali, na vingine vinapoharibika hakuna fundi wa kuvitengeneza. Matokeo yake ni kwamba kijana mwenye akili nyingi hukosa imani na mikono yake. Mafunzo ya vitendo, ambayo kwa kawaida huchukua wiki mbili au tatu, yanakusudiwa kuziba pengo hilo.

Kwa nini nzi?

Ubongo wa binadamu una takriban seli za neva bilioni 86. Ubongo wa nzi wa matunda, ambao ni mdogo kuliko punje ya mtama, una seli kama 140,000 hivi. Mwaka wa 2024 wanasayansi walichapisha ramani kamili inayoonyesha jinsi seli za ubongo wa nzi jike zilivyounganishwa. Viungo kati ya seli hizo vilifika makumi ya mamilioni. Ramani ya namna hiyo ya ubongo wa mwanadamu bado ni ndoto.

Ingawa ubongo wa nzi ni mdogo, kazi zake hufanywa kwa njia zile zile za ubongo wako. Ujumbe husafiri ndani ya seli kwa umeme, na unapofika mwisho wa seli hupitishwa kwa seli nyingine kwa kemikali. Tena, takriban robo tatu ya jeni zinazohusishwa na magonjwa ya binadamu zina ndugu zake katika mwili wa nzi. Nzi hulala, hujifunza, husahau, huzeeka na wengine hupata kifafa.

Mmarekani Thomas Hunt Morgan alianza kuwatumia nzi hawa mapema katika karne ya 20 kuchunguza urithi, na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1933. Mwaka wa 2017 tuzo hiyo ilipewa wanasayansi watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliotumia nzi kugundua saa iliyomo ndani ya seli ambayo huuongoza mwili kulala na kuamka.

La muhimu zaidi kwetu ni gharama. Kumfuga panya wa maabara kunahitaji chumba maalumu, chakula maalumu na watumishi. Nzi hufugwa ndani ya kichupa kilichozibwa kwa pamba. Chakula chake ni uji mzito wa unga wa mahindi, sukari na hamira. Kutoka yai hadi nzi mzima ni siku kumi tu, kukiwa na joto la nyuzi 25. Kwa hiyo katika muda wa mwezi mmoja mtafiti anaweza kuona watoto, wajukuu na hata vitukuu.

Wanafunzi hufanya nini?

Kazi ya kwanza huonekana rahisi. Mwanafunzi huwalaza nzi juu ya barafu ili wasiruke, kisha chini ya hadubini huwatenganisha madume na majike kwa brashi ndogo ya rangi. Baada ya saa moja macho huuma na shingo hukakamaa. Lakini asiyejua kuwatenganisha hawezi kuwapandisha anavyotaka, na asiyeweza kuwapandisha hawezi kufuata jeni yoyote.

Kisha huja majaribio ya tabia. Moja ni la kupanda. Nzi hutiwa katika kichupa kirefu, kichupa kikagongwa mezani, nao wakaanguka chini. Nzi mwenye afya hupanda juu mara moja. Nzi mzee hujikokota. Nzi aliyepandikizwa jeni ya binadamu inayohusishwa na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa unaowapata wazee wengi, huanza kushindwa kupanda mapema kuliko wenzake. Kwa saa, rula na macho mawili tu, mwanafunzi ameupima ugonjwa wa ubongo.

Jaribio jingine ni la kutikisa. Kuna jamii za nzi ambao kichupa chao kikitikiswa kwa nguvu kwa sekunde kumi hivi huanguka chali, wakatetemeka miguu na mabawa, kisha wakapooza kwa muda kabla ya kuinuka tena. Hicho ni kifafa. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni zinazosimamia umeme na nguvu za seli za neva. Baadhi ya jeni za nzi za aina hiyo zina ndugu zake kwa binadamu, na hitilafu zake huwaletea watoto kifafa kikali.

Katika mafunzo mengine ya aina hii hutumiwa mdudu mwingine unayemfahamu vyema: mende. Hulazwa katika maji ya barafu hadi afe ganzi, mguu mmoja hukatwa, na sindano mbili nyembamba huchomwa ndani yake. Waya huunganishwa na kifaa kidogo cha kukuza umeme chenye kipaza sauti. Ukigusa nywele za mguu huo kwa kijiti cha kuchokolea meno, utasikia mlio kama wa mahindi yanayokaangwa. Hizo ni neva zikizungumza. Mwanafunzi aliyeusikia mlio huo hahitaji tena kukariri maana yake.

Hata hivyo, somo gumu kuliko yote halihusu kifaa chochote. Ni somo la kutilia shaka matokeo yako mwenyewe. Wanafunzi hufundishwa kuwa na kundi la nzi wa kawaida wa kulinganishia, kurudia jaribio mara nyingi, na kuhakikisha kwamba anayehesabu hajui kichupa kipi kina nzi wagonjwa. Macho ya binadamu huona yale ambayo moyo unayataka. Dawa unazomeza zilipimwa kwa kufuata kanuni hizo hizo.

Vifaa vya bei nafuu

Mafunzo huisha, wageni hurudi makwao, na kijana hurudi katika chuo chake. Hapo ndipo juhudi nyingi nzuri hufia. Kwa sababu hiyo TReND imekuwa ikikusanya vifaa ambavyo maabara za ng'ambo hazivihitaji tena, lakini bado vinafanya kazi, na kuvipeleka katika vyuo vya Afrika.

Njia nyingine ni kujitengenezea. Mwaka wa 2015 Baden na wenzake walichapisha makala wakieleza jinsi mtafiti anavyoweza kutengeneza vifaa vya maabara kwa mashine ambayo huchapa vitu vya plastiki, tabaka juu ya tabaka, kama vile printa inavyochapa karatasi. Mwaka wa 2017 walitoa michoro ya hadubini ndogo yenye kamera na kompyuta ndogo, ambayo vipuri vyake vya msingi hugharimu chini ya euro 100. Michoro hiyo ni ya bure kwa yeyote. Kifaa kikiharibika, aliyekiunda kwa mikono yake anajua pa kuanzia kukitengeneza.

Yatuhusu nini?

Chukua ugonjwa mmoja tu, kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wanaugua kifafa, na karibu asilimia 80 yao wanaishi katika nchi za mapato ya chini na ya kati kama yetu. Shirika hilo linasema pia kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka iwapo watapata matibabu yanayofaa.

Mengi tunayoyajua kuhusu kifafa barani Afrika yametokana na kazi iliyofanywa hapa hapa. Huko Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimefanya kazi tangu mwaka wa 1989. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2013 uliihusisha Kilifi pamoja na maeneo ya Uganda, Tanzania, Ghana na Afrika Kusini. Ulionyesha kwamba kifafa cha kwetu kinahusiana sana na matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa na maambukizi ya vimelea, mambo ambayo kwa kiasi kikubwa yanaweza kuzuiwa. Mtafiti aliyekaa London au New York hangeligundua hilo bila kufika Kilifi.

Dawa pia zina hadithi yake. Carbamazepine ni dawa ya kifafa inayotumiwa kote duniani. Mwaka wa 2004 watafiti wa Taiwan waligundua kwamba Wachina wenye jeni fulani wakiimeza wanaweza kupatwa na ugonjwa hatari wa kuchubuka ngozi. Mwaka wa 2007 Marekani ikaagiza tahadhari kwamba wagonjwa wenye asili ya Asia wanaoweza kuwa na jeni hiyo wapimwe kwanza. Hatari hiyo iligunduliwa kwa sababu watafiti wa Taiwan waliwachunguza watu wao. Watu wa Afrika wana tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko watu wa bara lingine lolote, ilhali tafiti nyingi za jeni zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ni nani atakayetuchunguzia sisi? (Ikiwa unatumia dawa hii na hujapata shida, usiiache. Kuacha dawa ya kifafa ghafla ni hatari kubwa. Zungumza na daktari wako.)

Simaanishi kwamba nzi atamponya mtu kifafa. Nzi si binadamu, na dawa nyingi zilizofaulu kwa wanyama wa maabara zimeshindwa kwa wagonjwa. Ninachosema ni kwamba mtafiti huanza mahali fulani, na kwa nchi isiyo na fedha nyingi, kichupa cha nzi ni mahali pazuri pa kuanzia. Kijana anayejua kupanga jaribio la nzi kwa uaminifu anaweza kesho kupanga jaribio la wagonjwa.

Tufanye nini?

Nairobi si mgeni katika mambo haya. Jumuiya ya wanasayansi wa ubongo na neva barani Afrika, SONA, ilianzishwa hapa mwaka wa 1993. Kinachohitajika ni vyuo vyetu kumpa kijana anayerudi kutoka mafunzoni meza, hadubini moja na muda wa kuitumia. Asipopata hivyo atatafuta nafasi ng'ambo, nasi hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni lazima kibaba chenyewe kiwepo.

Wewe mzazi, mwanao akikwambia anataka kusomea wadudu au ubongo, usimcheke wala usimlazimishe kuwa daktari kama mimi. Madaktari tunatibu kwa kutumia yale ambayo watafiti wamekwisha kuyagundua.

Na iwapo kuna mtu nyumbani mwako mwenye kifafa, kumbuka kwamba ugonjwa huo hauambukizwi kwa mate wala si mapepo. Ni umeme wa ubongo uliopotoka, kama wa yule nzi kichupani. Akianguka, mwondolee vitu vya hatari vilivyo karibu, mlaze kwa ubavu, na usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Akiendelea kutetemeka kwa zaidi ya dakika tano, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mkimbize hospitalini. Kisha hakikisha anapata dawa zake kila siku bila kukosa.